Majumba ya Kifalme ya Unguja na Biashara ya Safari ya Siku Moja

Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 736,000 mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 638,000 na ushei, na mwaka 2020, korona ilipozifunga safari za ndege duniani, hawakufika hata 261,000. Biashara imesimama tena na inakwenda mbio. Wageni wengi hulala ufukweni, Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, na kila mmoja ana siku moja au mbili ambazo bahari pekee haimtoshi. Siku hizo ndizo mtaji wa watu wa biashara ya safari: wenye magari, madereva, waongozaji, wenye mashamba ya viungo, wapishi wa vijijini na mapapasi, yaani madalali wa mitaani, wa Mji Mkongwe.

Bidhaa wanazouza zinajulikana. Kuna matembezi ya Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na kima punju wake, na kisiwa cha Changuu na makobe yake. Majumba ya kifalme yaliyouzunguka mji mkuu huu wa Zanzibar, yaani Maruhubi, Mtoni, Kidichi na Dunga, mara chache huuzwa kwa jina lake. Aliyenunua safari ya viungo huonyeshwa mojawapo njiani, gari likisimama kidogo, kisha safari inaendelea. Kwa hesabu ya biashara hiyo ni hasara, na hasara yenyewe inazidi kila masika kuta zinapolowa.

Mali iliyopo

Mtoni ndilo jumba kongwe zaidi kati ya yale ya Masultani wa Kiomani Unguja. Sayyid Said bin Sultan alilijenga kando ya bahari kati ya mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, na mwaka 1844 binti yake Salme alizaliwa humo. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kwa sababu ya kitabu hicho tunajua tausi na paa walikuwa wakizurura ua gani, mto ulipita wapi kujaza mabirika ya kuogea, na baba yake alitembea wapi akiitazama bahari. Ni majumba machache ya karne ya 19 Afrika Mashariki yaliyoelezwa kwa undani hivyo na mtu aliyekulia ndani.

Maruhubi, karibu zaidi na mjini, ni ya Sultan Barghash, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake. Iliungua mwaka 1899. Nguzo nene zilizobeba baraza zimebaki wima, pamoja na hamamu na mabirika ya maji.

Kidichi iko shambani, juu ya kilima, ndani ya eneo la viungo. Ni hamamu aliyoijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mwana wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Ukiingia kutoka kwenye jua kali, macho huchukua muda kuzoea kiza, kisha lipu ya ukutani inaanza kujitokeza: ndege, maua na mitende iliyochongwa kwa mkono wa fundi aliyejua kazi yake. Waibadhi wa Oman hawakuwa na desturi ya kupamba kuta kwa viumbe, kwa hiyo ukuta huo peke yake unaeleza ndoa iliyovuka bahari.

Dunga ni habari nyingine kabisa. Hapo katikati ya kisiwa ndipo alipokaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, katika jumba lililojengwa katikati ya karne ya 19 wakati Masultani walikuwa tayari wameushika mji. Ngoma na siwa, alama za utawala wake, zilihifadhiwa katika makumbusho mjini. Anayeijua Zanzibar ya Masultani tu ameijua nusu, na nusu ya pili iko Dunga, kwenye barabara ya Chwaka ambayo magari ya wageni hupita kila siku bila kukata kona.

Safari ya kutoka mjini kwenda kwenye majumba si jambo geni. Barghash alijengewa reli ndogo mwaka 1879 kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa kwanza na nyumbu, kisha na injini iliyoagizwa kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyingine hadi Bububu, kijiji kilicho mbele kidogo ya Mtoni, na abiria wa meli zilizotia nanga walipewa behewa la daraja la kwanza ili wakaione Unguja ya ndani. Abiria wa meli za kitalii wanaoshuka leo bandarini wakiwa na saa chache tu mkononi ni wateja wa aina ile ile.

Pesa inavyopita

Fuatilia fedha ya mgeni mmoja anayeinunua safari kwenye meza ya mapokezi ya hoteli. Hoteli inakata kamisheni yake. Kampuni ya utalii inayopokea oda inabaki na faida, kisha inalipa gari, mafuta, dereva na mwongozaji. Shamba la viungo linapata kiingilio, mpishi analipwa chakula cha mchana, na mgeni mwenyewe anatoa bakshishi kwa kijana aliyepanda mnazi akiimba na kwa aliyemsukia kofia ya makuti. Kabla ya kuondoka ananunua pakiti za mdalasini, hiliki na karafuu. Katika mnyororo huo mrefu, gofu linapata tiketi ya mlangoni tu, pale inapokatwa.

Shamba la viungo limefanikiwa kwa sababu linampa mgeni kitu cha kunusa, kuonja, kucheka nacho na kununua, na kila hatua ina mtu anayelipwa. Kwenye gofu mgeni anatazama ukuta, anapiga picha mbili na kurudi garini. Hajapata pa kukaa kivulini, wala pa kunywa dafu kwa utulivu, wala kitabu cha kununua. Mwenye kampuni akipiga hesabu anaona dakika zinakwenda bila kuingiza kitu, na ndiyo maana dereva huambiwa asikawie.

Ushindani wa bei unazidisha tatizo. Safari ya viungo inauzwa na kila mtu, kuanzia kampuni zenye leseni ya Kamisheni ya Utalii hadi papasi asiye na kitambulisho, na bidhaa inayouzwa na wote haina njia ila kushuka bei. Bei ikishuka, kinachopunguzwa kwanza ni muda na ujuzi: mwongozaji anayejua historia anaachwa, anachukuliwa anayeridhika na kidogo. Safari ya majumba, ikitengenezwa vizuri, haiigiki kirahisi namna hiyo. Inahitaji mtu aliyesoma, na aliyesoma ana haki ya kudai bei.

Siku ikipangwa ikapangika

Masafa ni mafupi, na hiyo ndiyo nguvu ya bidhaa hii. Maruhubi na Mtoni ziko kilomita chache tu kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Bububu. Kidichi ni mwendo mfupi kuingia shamba ukishakata kulia Bububu.

Siku nzuri inaanzia Forodhani, saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, katika Makumbusho ya Kasri. Masultani walikaa humo hadi Mapinduzi ya 1964, na chumba kilichotengwa kwa habari za Salme humpa mgeni sura za watu kabla hajaonyeshwa kuta. Anayeanza na kuta hujikuta akiuliza ni nani hawa.

Kutoka hapo ni Maruhubi na Mtoni kabla jua halijapanda, kwa kuwa zote ziko wazi ufukweni. Mtoni ndipo mwongozaji anapojulikana. Asiyejua ataonyesha mawe. Anayejua atamsimamisha mgeni mahali ua ulipokuwa, amweleze watu waliishi wangapi, nani alipika, nani alichota maji, na watumwa wangapi katika mashamba ya karafuu walilipia anasa hiyo kwa jasho na maisha yao. Habari ya utumwa haikwepeki katika safari hii. Majumba haya yalijengwa kwa faida ya karafuu na ya biashara ya binadamu, na mgeni aliyelipa ana haki ya kuambiwa hivyo kwa heshima na bila kutiwa chumvi.

Jua la mchana linafaa kwa Kidichi kwa kuwa hamamu ina ubaridi ndani, na chakula cha mchana kinaangukia mashambani Kizimbani, ambako karafuu zilianza kustawi mapema kisiwani. Pilau likiliwa hapo linapata maana: aliyeona jumba sasa anauona mti uliolijenga. Mwenye nafasi anamalizia Dunga, kisha anarudi mjini kabla ya magharibi, wakati wachoma mishkaki wa Forodhani wanawasha makaa.

Safari hii inamfaa pia asiye na gari la kukodi. Daladala za Bububu zinapita barabara ya Maruhubi na Mtoni kwa nauli ya kawaida, na mwanafunzi au familia ya mjini inaweza kuzitembelea zote mbili asubuhi moja. Soko hili la ndani halipewi uzito wake. Shule za Unguja na Pemba na wageni wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam hawajui msimu wa watalii. Ndio wanaoweza kuliweka gofu hai Aprili na Mei, mvua za masika zinapowafukuza Wazungu.

Upo pia mteja kutoka Oman na nchi za Ghuba. Maelfu ya familia za Muscat zina nasaba Unguja, na wazee wengi huko bado wanazungumza Kiswahili nyumbani. Mtu huyu hatafuti picha. Anatafuta jina la babu yake, mtaa na shamba. Mwongozaji mwenye Kiarabu na elimu ya koo za Unguja ana kazi ya kumtosha.

Nani anaulipia ukuta?

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki. Jumba hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, eneo lililo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na lilikuwa likitazamwa na dunia nzima. Maruhubi, Mtoni, Kidichi na Dunga ziko nje ya mipaka ya eneo hilo, na hazina mfadhili anayezikodolea macho.

Ureno imelijibu swali hili kwa namna inayofaa kusomwa. Kutoka Lisbon, treni ya stesheni ya Rossio inamfikisha mtu Sintra kwa dakika 40 hivi, na huko kuna majumba ya wafalme juu ya milima yenye misitu. Mwaka 2000 iliundwa kampuni ya mtaji wa umma, Parques de Sintra – Monte da Lua, kusimamia majumba na bustani hizo. Haitegemei bajeti ya serikali. Inaishi kwa tiketi, maduka, mikahawa na ukodishaji wa kumbi, na fedha hizo zinarudi kwenye mapaa, kuta na miti. Kabla ya korona maeneo yake yalikuwa yakipokea zaidi ya matembezi milioni 3 kwa mwaka, na kwenye kasri la Pena tiketi ina saa ya kuingilia ili watu wasijazane. Sintra ina shida zake, hasa msongamano wa magari kwenye vichochoro vya mji, lakini hakuna anayeuliza paa la Pena litatengenezwa kwa fedha gani.

Unguja si Sintra. Kule samani bado zimo vyumbani, na hapa tuna nguzo na lipu. Lakini kanuni ya fedha ni moja: tiketi iliyokatwa kwenye jumba itengeneze jumba. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ndiyo yenye dhamana, na inaweza kuanza na hatua ambazo hazihitaji mabilioni. Tiketi moja ya siku iunganishe Makumbusho ya Kasri, Maruhubi, Mtoni, Kidichi na Dunga, na iuzwe pia kwa simu na kwenye meza za hoteli, kampuni zikipata kamisheni ya wazi. Mapato yake yawekwe kwenye mfuko wa ukarabati, na hesabu zitangazwe kila mwaka. Waongozaji wapewe mtihani maalumu wa majumba na kitambulisho chake, na bei ya chini ikubaliwe.

Vijiji vinavyoyazunguka viwe na hisa. Akina mama wa Bububu na Kidichi wakipewa banda la kahawa, kashata na vitabu nje ya uzio, mgeni atakaa saa nzima badala ya dakika chache, na watakaokuwa wa kwanza kuona mtu aking'oa jiwe ni wenyeji wenye sababu ya kumzuia.

Kampuni za utalii nazo zina la kufanya bila kusubiri serikali. Ziondoe majumba kwenye mstari wa mwisho wa tangazo la viungo, ziyape siku yake na jina lake, zimlipe mwongozaji aliyesoma, na ziombe malipo yanayolingana na kazi. Mgeni aliyevuka bahari kuja Unguja anaweza kupata mchanga mweupe na maji ya buluu katika nchi nyingi. Nyumba aliyozaliwa Salme iko Mtoni peke yake, na biashara inayoitegemea inapaswa kuwa ya kwanza kuchangia chokaa.