CHAI YA NYANYA NA DAMU YAKE

Babu akipanda kilima kidogo na kuhema, twasema ni uzee. Nyanya akisinzia mchana kutwa, akisikia baridi na kizunguzungu, twasema ni uzee tu. Kumbe huenda damu imepungua!

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ambayo huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kwenye misuli na ubongo. Himoglobini haiundwi bila madini ya chuma. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kisha mwili huunda nyingine. Kwa kawaida daktari hushuku upungufu wa damu ikiwa mwanamke ana chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita moja ya damu, na mwanamume chini ya 13.

Je, chuma hupatikana wapi? Kile cha nyama, ini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha maharagwe, ndengu, kunde na terere huingia kwa shida, na hapo ndipo chai inapoleta kisirani. Chai ina tanini, ambayo hukinasa chuma tumboni kikapita bure. Kikombe kimoja pamoja na mlo wa aina hiyo chaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu!

Hatusemi nyanya anyimwe chai, la hasha! Aiweke mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Wakati wa kula, apate chungwa, pera au ndimu, kwa maana vitamini C hukisaidia chuma kuingia.

Na mazoezi je? Shirika la Afya Duniani lashauri wazee wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki. Kutembea kwatosha, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea. Lakini mzee anayehema hata akienda pole pole asilazimishwe, apimwe kwanza.

Tena, tusikimbilie dukani kununua vidonge vya chuma. Mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi. Isitoshe, damu ya mzee yaweza kupungua kwa sababu inavuja kidogo kidogo tumboni, pengine kwa vidonda, saratani au dawa za maumivu kama aspirini. Hapo machungwa hayatatibu kitu. Choo kikiwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali upesi.

Basi mwanafunzi mwenzangu, likizo ikifika, watazame wazee wa kwenu kwa makini. Sogeza birika, tembea nao jioni, na wakilalamikia uchovu usioisha, wasindikize zahanati wakapimwe damu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.