VYAELEA, VIMEUNDWA

Watu wa visiwa hivi wakisema "tisini na tano", msikilizaji hana budi kutazama kwanza sura ya msemaji. Akiiona imekunjamana, afahamu kuwa panazungumzwa uchaguzi. Akiiona imekunjuka, afahamu kuwa panazungumzwa mpira. Mwaka 1995 ulitupa mambo yote mawili, moja likifuata jingine kwa wiki chache tu, na leo tungependa kulikumbuka hili la pili, kwa kuwa tunaamini ndani yake limo fundisho ambalo hatujalitumia ipasavyo.

Mwishoni mwa mwaka huo, nchini Uganda, timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la Challenge la nchi za Afrika Mashariki na Kati kwa kuwafunga wenyeji bao 1 kwa 0 katika fainali. Kijana wa leo huenda akasema: bao moja tu, makelele ya nini? Yafaa basi aelezwe. Mashindano ya kanda hii yalianza mwaka 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, yakiwa baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo tangu siku tuliyoingia hadi siku tuliyolishika kombe ilipita miaka 46. Wazee waliotutangulia walicheza, wakafungwa, wakarudi na marikebu zao, wakajitayarisha tena. Uganda kwa upande wake ilikwisha kulichukua Kombe la Challenge mara 6 tangu mwaka 1973, na mwaka 1978 ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Sisi katika daftari la FIFA hatukuwa daraja la kwanza wala la mwisho: hatukuwamo kabisa. Kwa vijana wetu, ambao mlango wa Kombe la Dunia haukuwa wazi kwao chini ya bendera ya visiwa hivi, kombe hili ndilo lililokuwa dunia yao.

Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi wa skuli, umri wetu miaka 15, kijijini kisiwani Pemba. Alasiri ile tulitoka chuoni kabla ya wakati, na mwalimu wetu wa Kurani, ambaye hakuwa mtu wa kusamehe ovyo, alijifanya hakutuona. Redio nzima kijijini ilikuwa moja, ya mzee mmoja muuza duka, na mawe yake yalikuwa yamechoka. Tangu asubuhi yalianikwa juani juu ya bati ili yapate uhai wa saa mbili.

Msomaji na akumbuke hali iliyokuwako. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umefanyika mwezi wa Oktoba, na tofauti ya kura za urais wa Zanzibar ilikuwa ndogo kuliko asilimia moja. Majirani waliokula sahani moja hawakuamkiana. Palikuwa na watu wasionunua chumvi katika duka la mtu wa chama kingine, na palikuwa na maziko yaliyohudhuriwa nusu. Muuza duka wetu na jirani yake, mkulima wa karafuu, walikuwa hivyo hivyo. Nyumba zao zilitazamana, lakini tangu Oktoba hakuna aliyevuka njia kwenda kwa mwenziwe.

Siku ile mkulima alikuja. Hakupanda barazani, alisimama chini ya mwembe, mbali kidogo, kama mtu anayepita. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Mpira ukaendelea, na sisi watoto tukikaa kimya kuliko tulivyokaa chuoni. Kipindi cha pili sauti ya mtangazaji ilianza kudidimia. Ikawa kama inatoka kisimani, kisha ikawa kama nzi, kisha ikakatika. Muuza duka aliitikisa redio, akayatoa mawe, akayasugua kwa kanzu, akayarudisha. Kimya. Duka lake mwenyewe halikuwa na mawe hata moja la kuuza.

Hapo mkulima alivuka njia kwenda kwake, akarudi na kurunzi yake. Aliifungua mbele yetu sote, akayamimina mawe kiganjani mwake, akamkabidhi mwenye redio. Hawakusemezana neno. Sauti ikarudi, na mkulima akakaa barazani, kwani kurudi chini ya mwembe kusingekuwa na maana tena.

Filimbi ya mwisho ilipolia, hatujui nani alimkumbatia nani kwanza. Tunachokumbuka ni wanawake wakipiga vigelegele uani, na mwalimu wetu wa Kurani akisujudu mchangani kumshukuru Mola. Usiku ulipoingia, mkulima hakuwa na kurunzi ya kumulikia njia. Muuza duka akawasha taa ya chemli, akamsindikiza mpaka mlangoni, hatua zisizozidi hamsini.

Hatusemi kuwa kombe liliponya majeraha ya nchi. Hilo lingekuwa ni uongo. Miaka migumu ilifuata, na haikuwa mpaka mwaka 2010 ndipo wananchi walipoikubali kwa kura Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tunachosema ni kwamba wazee wale wawili waliamkiana tangu siku ile hadi walipofariki, na kila mmoja alibaki katika chama chake.

Sasa tuwageukie viongozi wanaohusika. Tangu 1995 furaha hiyo tumeigusa mara nyingine chache. Mwezi wa Disemba 2017, mjini Machakos, vijana wetu walitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na wenyeji Kenya katika fainali ya kombe hilo hilo, wakapoteza kwa penalti 3 kwa 2. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, tulikubaliwa kuwa wanachama kamili wa shirikisho la mpira la Afrika, na mwezi wa Julai uanachama huo ukafutwa. Januari 2025, katika uwanja wa Gombani, timu yetu iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na Pemba haikulala.

Baada ya kila ushindi hufanywa mapokezi, hutolewa hotuba, hutolewa zawadi. Hayo ni mema, na mcheza kwao hutunzwa. Lakini wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Chombo hakiundwi baharini. Mchezaji hutengenezwa katika kiwanja cha kijiji, chenye magoli ya miti na mpira wa matambara, miaka kumi kabla ya jina lake kutajwa redioni. Kiwanja tulichochezea sisi leo kina nyumba nne na msingi wa ya tano. Hakuna aliyekiiba, kilikatwa kipande kipande, kila mmoja akiona kipande chake ni kidogo, na hakuna ofisi iliyokuwa na karatasi ya kusema kuwa mahali pale ni pa watoto.

Viwanja vikubwa tunavipenda na tunavijivunia. Hata hivyo, uwanja mkubwa huvuna, haupandi. Hatuna budi kuwaomba masheha, wilaya na idara za ardhi wavipime viwanja vya vijiji vilivyosalia, waviandike katika ramani, na wavilinde kama wanavyolinda ardhi ya skuli na ya msikiti. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji kamba ya kupimia, karatasi, na kiongozi asiyeogopa kumwambia ndugu yake kuwa hapa hapajengwi.

Wananchi nao wasingoje. Mzee wetu yule hakungoja aitwe barazani; alikwenda kuifungua kurunzi yake, akakubali kurudi gizani ili sote tusikie. Kila mmoja wetu na aangalie ana nini mkononi.