Homoni za Kiume na Uimara wa Mifupa

Kijana apitaye Gisimenti, katika mtaa wa Remera mjini Kigali, akielekea Uwanja wa Amahoro kwa mazoezi, huitazama misuli yake kuliko mifupa yake. Si ajabu, kwani misuli huonekana na mifupa imefichika. Hata hivyo askari abebaye mzigo na mkulima ashikaye jembe wote hutegemea mifupa, nayo mifupa hutegemea homoni.

Mfupa si jiwe. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga upya. Kwa mwanamume, kazi hiyo husimamiwa kwa sehemu kubwa na testosteroni, homoni itengenezwayo na korodani. Ujenzi mkubwa hufanyika tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu, na akiba ya wakati huo ndiyo mtu huingia nayo uzeeni.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba testosteroni hutenda kazi hiyo peke yake. Wagonjwa wachache sana ndio waliowafunza wataalamu vingine. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, ambaye alikuwa bado anarefuka. Testosteroni yake ilitosha, lakini mifupa yake ilikuwa dhaifu. Ilibainika kwamba mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni, ambayo wengi huijua kuwa homoni ya kike. Mwaka 1997 madaktari wa Italia walieleza habari za mwingine wa miaka 38, ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza estrojeni. Alipopewa testosteroni hakupata nafuu. Alipopewa estrojeni, mifupa yake ilikaza.

Hivyo ilidhihirika kwamba sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, na kwamba hiyo ndiyo mlinzi mkuu wa mifupa, hata kwa mwanamume. Testosteroni ikikosekana, zote mbili hupungua.

Upungufu huo una asili mbalimbali. Katika ugonjwa wa Kallmann, ambao ni nadra, ubongo hautumi amri kwa korodani. Mvulana habalehe, na mara nyingi hasikii harufu. Katika hali ya Klinefelter, iliyoelezwa mwaka 1942, mwanamume huzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wengi hugundua baada ya kukosa watoto, na wengine hawagundui kamwe. Katika miaka hiyo yote mke hulaumiwa bure, na mifupa ya mume huliwa kimya kimya.

Wapo pia wanawake wachache waliozaliwa na tezi za ndani zitoazo homoni za kiume. Annet Negesa, mkimbiaji wa Uganda wa mita 800, alifanyiwa upasuaji wa tezi hizo mwaka 2012. Mwaka 2019 alieleza katika televisheni ya Ujerumani kwamba tangu hapo alisumbuliwa na maumivu ya kichwa na ya viungo. Maumivu hayo si ushahidi kwamba mifupa yake imepungua, lakini mkasa wake unakumbusha kanuni ya tiba: aliyeondolewa tezi hizo huhitaji homoni za badala, la sivyo mifupa yake hudhoofika kabla ya wakati.

Wazazi na wake wa askari wanapaswa kuzijua dalili. Mvulana aliyefikisha miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo mwanamume ambaye ndevu zake zimepungua, hamu yake imefifia, au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Damu hupimwa asubuhi, na ikilazimu mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa kupimwa uzito wa mifupa kwa eksirei maalumu.

Sindano za kukuza misuli zinunuliwazo bila daktari si tiba. Homoni itokayo nje huziambia korodani ziache kazi, nazo husinyaa, na uzazi hupotea. Maziwa, dagaa, jua la asubuhi na mazoezi husaidia kila mtu, na kuacha sigara na pombe nyingi pia. Lakini aliyekosa homoni hatapona kwa chakula pekee. Mvulana aliyechelewa kubalehe asichekwe wala kufichwa nyumbani. Apimwe mapema, maana miaka ya kuijenga mifupa ni michache.