Bastola Hii Haikuzaliwa 1855

Dada mmoja anayeishi Ohio amenitumia picha mbili za bastola ndogo aliyoikuta kwenye droo ya meza kuukuu aliyoinunua mnadani. Ni rivolva ya kipenyo cha .22, inajificha kiganjani. Juu ya mtutu yamegongwa maandishi: Smith & Wesson, Springfield, Massachusetts, kisha tarehe tatu, ya kwanza ikiwa Aprili 3, 1855. "Kumbe nina bastola ya mwaka 1855," ameandika, na ameshaanza kuitafutia mnunuzi kwa hesabu hiyo.

Pole, dada. Bastola ya kwanza ya aina hiyo ilitoka kiwandani mwaka 1857. Mwaka 1855 hata mkataba wa kuitengeneza ulikuwa haujatiwa saini.

Tarehe ile ni ya hataza, yaani cheti cha serikali kinachomlinda mbunifu asiibiwe wazo lake. Mwenye wazo alikuwa Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt. Wazo lenyewe leo linaonekana dogo: kuyatoboa matundu ya silinda kutoka upande mmoja hadi wa pili. Aliyewahi kumwona mzee akishindilia gobore ataelewa uzito wake. Rivolva za Colt za wakati ule zilikuwa na silinda inayozunguka, lakini zilijazwa kigobore vilevile: baruti kwa mbele, risasi juu yake, fataki kwa nyuma, tundu baada ya tundu. Silinda iliyotoboka moja kwa moja inapokea kwa nyuma risasi iliyokamilika, yenye ganda, baruti, na fataki iliyofichwa ndani ya ukingo wa ganda. Horace Smith na Daniel Wesson walikuwa na risasi ya namna hiyo, ila hawakuwa na haki ya kuitumia silinda. Mwaka 1856 wakapatana na White: senti 25 kwa kila bastola, na kesi dhidi ya wezi wa wazo azibebe mwenyewe. (Kesi hizo zilimkausha. Hataza ilipokwisha mwaka 1869 alitaka iongezwe muda. Bunge likapitisha muswada wa kumpa nafasi hiyo, Rais Ulysses Grant akaukataa Januari 1870.)

Kwa hiyo tarehe iliyogongwa ilikuwa onyo kwa washindani. Ilikaa juu ya bastola mwaka baada ya mwaka, hata baada ya hataza yenyewe kufa. Ikikubidi kuitumia kutafuta umri, usisome tarehe ya kwanza, soma ya mwisho. Bastola ya dada wa Ohio inamalizia na Desemba 18, 1860. Basi haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya siku hiyo. Tumeshapata sakafu, dari bado.

Wengi wakifika hapa hukimbilia namba ya mfululizo iliyo chini ya kitako. Mimi huwaambia wasubiri. Kwa bastola hii namba isiyo na umbo itakupoteza, na sababu yake ni ya kiwandani. Smith & Wesson waliitoa rivolva hii, waliyoiita Model 1, katika matoleo matatu. La kwanza, 1857 hadi 1860, lilifika bastola kama 11,600. La pili, 1860 hadi 1868, likaendeleza namba zilezile mpaka karibu 126,000. La tatu lilipoanza mwaka 1868, kiwanda kikarudi kwenye namba 1 na kuhesabu upya, hadi kupita 131,000 mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sasa chukua bastola yenye namba 9,000. Inaweza kuwa ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, au ya baada yake. Namba ni ileile, na bei zao hazikaribiani hata kidogo.

Umbo ndilo linaloamua. Toleo la kwanza lina mbavu za mviringo kwenye kiunzi, na kifuniko kidogo cha duara pembeni. La pili limenyooshwa mbavu zikawa bapa, na kifuniko kikakua na kupoteza duara lake. Yote mawili yana mtutu wa pembe nane, silinda laini isiyo na mifereji, na mpini unaotanuka kuelekea kitako cha bapa. Toleo la tatu hata mtoto hulitambua: mtutu wa mviringo, silinda yenye mifereji, na mpini uliopinda kama mdomo wa ndege. Kama kutu na nikeli vimeficha mengi, chukua sumaku. Kiunzi cha matoleo mawili ya kwanza ni cha shaba ya njano, sumaku haikishiki. Cha toleo la tatu ni cha chuma. Ninapenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji kitabu wala mtaalamu kama mimi.

Ukishajua toleo, ndipo namba inaanza kusema. Hata hapo usigawanye idadi kwa miaka kana kwamba kiwanda kilitoa mgawo sawa kila mwezi. Katikati ya toleo la pili vilipigwa vita vya 1861 hadi 1865, na askari wengi walinunua bastola hizi kwa fedha zao wenyewe, japo jeshi halikuzihitaji. Kiwanda kilielemewa na maagizo. Zilizotoka na kasoro ndogo hazikutupwa: ziligongwa alama ya "daraja la pili" na kuuzwa kwa bei ya chini. Leo wakusanyaji wanazigombea hizo zenye kasoro, jambo ambalo lingewachekesha Smith na Wesson.

Kuna mtego mwingine ndani ya mpini. Ukifungua skrubu na kutoa vibao utakuta herufi na namba nyingine kwenye kiunzi, na pengine kwenye mtutu na silinda. Hizo ni za mafundi, za kuhakikisha vipande vilivyolinganishwa pamoja vinabaki pamoja. Hazihusiani na mwaka. Inayohusika imegongwa upande wa ndani wa kibao cha kulia, na inapaswa kufanana na ile ya kitako. Zisipofanana, vibao vimetoka kwenye bastola nyingine.

Mwenye kutaka tarehe kamili huandikia wahifadhi wa kumbukumbu za kiwanda. Wanachotoa ni siku bastola ilipopelekwa kwa mfanyabiashara, na bastola iliweza kukaa ghalani kabla ya kusafirishwa. Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusafirishwa ni vitu viwili, ingawa wauzaji hupenda kuvichanganya pale kimoja kinapovutia zaidi.

Haya yote ni ya Model 1 tu; kwa rivolva ndogo kutoka Ubelgiji njia ni nyingine kabisa. Hizo nyingi hazina jina la maana, lakini zina muhuri wa majaribio wa Liège: herufi ELG ndani ya yai. Yai likiwa na taji juu yake, muhuri huo ni wa 1893 au baadaye.

Kwa dada wa Ohio mwaka una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Marekani ya 1968 huitazama silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na Model 1 zote zinaingia humo. Hilo halimwondolei wajibu wa kuuliza sheria za jimbo lake, wala halimpi ruhusa ya kuijaribu. Risasi za .22 za leo zina nguvu ambayo chuma kile hakikuundiwa. Na tafadhali asiisugue: msasa hufuta maandishi ambayo miaka zaidi ya mia moja imeshindwa kuyafuta.

Picha zake zinaonyesha mtutu wa mviringo, silinda yenye mifereji, mpini wa mdomo wa ndege, na namba ya elfu 94 na ushei chini ya kitako. Ni toleo la tatu, na namba hiyo imeshavuka nusu ya safari: miaka ya 1870. Nimemwomba afungue skrubu moja tu anipigie picha ya ndani ya kibao cha kulia.