Mizimu ya zahabu: hadithi za California zinazotuhusu hata sisi wa Kivu na Ituri

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 1848, James Marshall aliokota vipande vya zahabu ndani ya mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao, kule Coloma, California. Mwaka uliofuata, maelfu ya watu walikimbilia huko kutoka pande zote za dunia. Wengi hawakurudi kwao. Zahabu ilipopungua, zilibaki hadithi za mizimu ambazo wakaaji wanasimulia hadi leo.

Hadithi ya kwanza ilifika na wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, waliokuwa wamezoea migodi ya kasiterite. Pale Grass Valley, walisema ndani ya mwamba wanaishi watu wafupi, Tommyknockers, wanaogonga "ko! ko! ko!". Kwa wengine, hao ni roho za wachimbaji waliofunikwa na udongo, wanaowaonya wenzao. Mchimbaji aliwaachia kipande cha chakula chake. Aliposikia mlio, alitoka mbio. Kweli, kabla shimo halijaporomoka, miti inayolishikilia hulia na mwamba hupasuka. Aliyeheshimu sauti hiyo aliweza kupona.

Hadithi ya pili ni ya dhuluma. Mwaka 1850, California ilitoza wachimbaji wa kigeni dola 20 kila mwezi, na Wamexico wengi wakafukuzwa kwenye mashimo yao. Inasimuliwa kwamba Joaquín Murrieta alikuwa mmoja wao, na kwamba ndiyo sababu aligeuka jambazi. Mwaka 1853, askari wa Harry Love waliua mtu waliyesema ndiye yeye, wakamkata kichwa, wakakitia ndani ya chupa ya pombe na kukitembeza. Kukiona ilikuwa kwa malipo. Chupa ile ilipotea katika tetemeko la San Francisco la 1906. Watu wanasema Murrieta angali anapita usiku juu ya farasi, bila kichwa, akikitafuta.

Ya tatu ni ya Bodie. W. S. Bodey aligundua zahabu hapo mwaka 1859, kisha akafa katika theluji bila kuona mji uliobeba jina lake. Karibu na 1880, maelfu ya watu waliishi pale. Leo hakuna. Nyumba zimesimama tupu, vitabu vingali ndani ya shule. Inasemwa kwamba anayeokota hata msumari pale anapata mikosi, na walinzi wa mahali hapo wanapokea vifurushi vya vitu vilivyoibwa, pamoja na barua za kuomba msamaha. Wapo wanaosema walinzi wenyewe ndio walioanzisha hadithi hiyo, kusudi wizi ukome.

Kwetu zahabu inachimbwa Kilo-Moto tangu mwanzo wa karne ya 20, na wachimbaji wana miiko yao. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, mashimo yakaporomoka, na ilitangazwa kwamba watu wasiopungua 50 walikufa. Hapo wamama wanaotwanga mawe na vijana wanaoshuka chini hawahitaji kuambiwa kwamba shimo lina sauti. Wanahitaji mwenye shimo akubali watoke wanapoisikia, na pesa ya zahabu ijenge shule na barabara ambazo hazitabaki tupu kama za Bodie.