Usiuze usingizi kwa mchezo wa upelelezi

Je, msimu mpya wa mchezo uupendao unapokaribia, huanza kutazama upya ule wa zamani ili ukumbuke nani alimshuku nani? Huenda ulifanya hivyo na Crime and Justice, mchezo wa makachero wa Nairobi ulioanza mwaka 2021 na kurudi na msimu wa pili 2022.

Kurudia si kosa. Hadithi unayoijua haikushtui sana, na ni rahisi kuizima. Hatari ni kipindi kipya: hukatizwa fumbo linapokolea, akili hubaki ikitafuta jibu, nawe unafungua kingine.

Kwa msomaji wa Kericho au Bomet, baridi ya usiku huongeza birika la chai mezani. Kafeini ya chai huchukua saa tano hivi kupungua kwa nusu tu. Kikombe cha saa tatu usiku bado kimo mwilini saa nane.

Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Kuukosa mara kwa mara huongeza hatari ya shinikizo la damu, na anayesinzia kwenye mashine ya kiwanda cha chai au usukani wa trekta anaweza kupoteza mkono, hata maisha.

Basi fanya hivi: tazama kipindi kipya kimoja tu, mapema jioni. Zima runinga saa moja kabla ya kulala. Chai ya mwisho iwe ya saa kumi alasiri. Usingizi ukizidi kukukwepa kwa majuma kadhaa, mwone daktari.