Jicho la Pili

Ukitoka Makutano kuelekea Embu, huhitaji kibao kukuambia kwamba umefika Wang'uru. Magunia ya Pishori yamefunguliwa midomo kando ya barabara, na wauzaji wanakunyooshea kiganja cha mchele uunuse kabla hujauliza bei. Nyuma ya maduka ndiko kuna mashamba ya mpunga ya Mwea, yanayonyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi kutoka Mlima Kenya. Mifereji ya kwanza ilichimbwa katikati ya miaka ya 1950, kwa jasho la watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Maji yakaleta mpunga. Yakaleta pia konokono na mbu, na nyuma ya konokono na mbu wakaja watafiti.

Wengi wao walikuja wakiwa vijana: mhitimu wa sayansi ya maabara mwenye shahada moja na viatu vya mpira vya kuazima, afisa wa kliniki aliyechoka kutibu ugonjwa uleule kila msimu, mwanafunzi wa uzamili anayetafuta data ya tasnifu. Swali la sura hii ni jinsi watu hawa wanavyofunzwa hadi waaminike. Ningeweza kulijibu kwa kuorodhesha kozi na ufadhili, na nitazitaja baadhi, lakini orodha hiyo haieleweki mpaka umemwona mtu ameketi mbele ya hadubini.

Basi tuanze na kichocho cha utumbo. Mnyoo wake, Schistosoma mansoni, huishi katika mishipa ya damu karibu na matumbo. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, kijidudu kinaingia ndani ya konokono na kuzaana humo, kisha vijidudu vingine vinatoka vikitafuta ngozi ya binadamu ya kupenya. Mkulima wa mpunga hushinda amesimama ndani ya maji hayo. Mtoto wake huoga mferejini.

Njia ya kupima inaitwa Kato-Katz, na haina makuu. Kinyesi hupitishwa kwenye wavu mwembamba, hujazwa katika tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, kisha huwekwa juu ya kioo na kufunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini. Yai la kichocho hiki utalitambua kwa mwiba wake wa ubavuni. Unahesabu mayai yote kiooni, unazidisha kwa 24, unapata idadi kwa kila gramu. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 100 maambukizi ni mepesi, kuanzia 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 kwenda juu ni mazito.

Sasa piga hesabu. Mayai 4 mara 24 ni 96. Mayai 5 ni 120. Yai moja likijificha chini ya uzi wa sukuma wiki, mtoto amehama kundi. Likijificha kwa watoto mia, dawa inayojaribiwa itasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Ndiyo maana katika maabara inayojiheshimu kila msomaji ana msomaji wa pili. Sehemu ya vioo, mara nyingi kimoja katika kila kumi, husomwa upya na fundi mzoefu asiyejua mwenzake aliandika nini. Namba zikipishana sana, wote wawili wanarudi kwenye hadubini. Hapo ndipo mafunzo yenyewe yanapofanyika, na si darasani. Kijana anaonyeshwa kwamba alianza safu ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza, au kwamba alichokiita yai ni chavua. Anajifunza pia kuheshimu saa: mayai ya safura, mnyoo mwingine wa utumbo, hufifia ndani ya gliserini, na kioo kisiposomwa katika muda wa saa moja hivi yatakuwa yametoweka. Aliyechelewa kwa sababu ya chai ataandika sifuri, na kwenye karatasi sifuri yake itafanana kabisa na sifuri ya kweli.

Kazi hii Mwea imefanyika kwa muda mrefu. Mwaka 1998, katika mkutano wa mataifa tajiri mjini Birmingham, Waziri Mkuu wa Japani, Ryutaro Hashimoto, alihimiza vita dhidi ya minyoo duniani. Kutokana na wito wake, vituo vya mafunzo vilianzishwa Thailand, Ghana na Kenya. Cha Kenya kiliwekwa ndani ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, kikapewa jina la ESACIPAC, kuhudumia mashariki na kusini mwa Afrika. Shule za Mwea zikawa miongoni mwa mahali pake pa kazi. Mwaka 2007 watafiti wake walichapisha matokeo ya kuwapa watoto wa shule za huko prazikwanteli na albendazoli, dawa mbili ambazo baadaye zilitumika katika mpango wa kitaifa wa kutoa minyoo shuleni ulioanza 2012. Ukiyasoma majina ya waandishi wa makala ile utaona ni orodha ndefu, ya Wakenya na Wajapani pamoja. Napenda orodha za namna hiyo, kwa sababu aliyeshika kibao chenye tundu naye huwa na nafasi ya kutajwa.

Mbu walifundisha somo la aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Clifford Mutero na wenzake walilinganisha vijiji vya Mwea vyenye umwagiliaji na visivyo nao. Vijiji vya mpunga vilikuwa na mbu wa malaria, Anopheles arabiensis, mara 30 hadi 300 zaidi. Kijana yeyote angeandika hitimisho lake hapo hapo na kwenda nyumbani. Lakini damu ilipopimwa, malaria katika vijiji hivyo ilikuwa kati ya asilimia 0 na 9, na katika vijiji vikavu kati ya 17 na 54. Maelezo yaliyoonekana kuwa na nguvu zaidi yalitoka zizini: mbu wa mashamba ya mpunga walikuwa wakinyonya ng'ombe zaidi kuliko watu. Timu ile haikuwa ya wataalamu wa wadudu peke yao. Ilichanganya watu wa mifugo, wa kilimo na wa jamii, na sidhani kama mtu wa wadudu akiwa peke yake angeona haraka hivyo umuhimu wa kuhesabu ng'ombe.

Nafasi za masomo zilizopo leo nazipima kwa swali moja, lililotoka maabarani: nani atakisoma kioo changu mara ya pili?

Kozi za mtandaoni ni nyingi na nyingine ni za bure. Ile ya kanuni za majaribio ya dawa kwa binadamu haiepukiki, kwani miradi mingi hudai cheti chake. Soma, chukua cheti, endelea. Haitakufanya mtafiti, sawa na vile leseni ya udereva haimfanyi mtu apite Makutano salama usiku.

Ninaupenda zaidi mpango uitwao SORT IT, ulioanzishwa mwaka 2009 na mashirika mawili, The Union na Madaktari Wasio na Mipaka, ambao sasa TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya tropiki ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, huuratibu. Mshiriki hahitaji mamilioni. Afisa wa hospitali ndogo anaweza kutumia rejista ambazo tayari ziko kabatini. Kuna awamu za kuandika pendekezo, kuchambua data na kuandika makala. Walezi wanakaa naye sentensi kwa sentensi, na anayekosa tarehe ya kuwasilisha anatolewa. Ukali huo umewasaidia wengi ambao makala zao zingezeekea kwenye kompyuta.

Kwa watumishi wa serikali kuna FELTP, ambayo Kenya iliianza mwaka 2004: miaka miwili ya epidemiolojia, sehemu kubwa ikiwa nyanjani, mtu akikimbizwa kwenye mlipuko wa kipindupindu huku bado anajifunza. Mhadhiri kijana anayetafuta uzamifu anaweza kujaribu CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika ulioundwa mwaka 2008 na kuongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kilifi nako, programu ya KEMRI na Wellcome imekuwa ikilea watafiti tangu 1989. Milango hii ni myembamba, na mwombaji wa kutoka Kirinyaga anashindana na wa kutoka nchi nyingi.

Kuna msomaji wa pili mwingine, jamii yenyewe, ambaye vitabu vya mafunzo humsahau. Kabla ya kioo cha kwanza, mtafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kisha asimame kwenye baraza la chifu aeleze anachotaka. Hapo ataitwa daktari hata kama si daktari. Mama mmoja atauliza, "Daktari, mlichukua choo cha watoto wetu mwaka jana. Majibu yako wapi?" Huenda aliyechukua ni mradi mwingine kabisa. Kijana akijitetea kwamba si yeye, baraza limemwishia. Anayeshauriwa vizuri huja na namba za mradi uliopita, kwa Kikuyu au Kiswahili chepesi, na huahidi tarehe ya kurudi ambayo anaweza kuitimiza.

Kazi yenyewe haijaisha. Bwawa la Thiba lilikamilika mwaka 2022 ili wakulima wa Mwea waweze kupanda misimu miwili kwa mwaka. Mfereji uliokuwa ukikauka baada ya mavuno sasa unaweza kubaki na maji, na konokono hawangojei mkutano wa kisayansi. Zizi nalo huenda likabadilika, maana shamba lisilopumzika halimwachii ng'ombe mahali pa kulishia. Hesabu za zamani, za mayai na za mbu, itabidi zirudiwe kijiji kwa kijiji, na watakaozirudia wengine wao leo wako mwaka wa pili chuoni, wakijifunza kutochanganya yai na chavua.